Njia ya Kutembea Kando ya Nyabugogo

Mama alikitoa kigingi kutoka chini ya mchicha kwenye kapu lake, akakiweka mezani juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. Kilikuwa kipande cha mkaratusi chenye urefu wa mkono, ncha moja imechongwa na nyingine imepakwa rangi nyekundu ambayo ilikuwa bado inanata. Ubavuni kimeandikwa: P 14.

"Soma," alisema.

Nikamsomea.

"Maana yake nini?"

Sikujua. Nilimuuliza amekipata wapi, akasema kilikuwa kimesimikwa katikati ya matuta yake ya viazi vitamu, kule bondeni Nyabugogo, na kwamba viko vingine vingi, vimepangwa mstari kufuata mto. Hiki ameking'oa. Alisema hivyo kama mtu aliyeng'oa gugu. Nilikichukua nikakificha nyuma ya cherehani, kwa sababu barazani kwetu Biryogo watu walipita kutwa, na mwaka ule wa 1992 kitu chenye alama ya ofisi ndani ya nyumba yako kilitosha kukuletea maswali.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi cherehani, nikiishi na mama peke yetu tangu baba afariki. Babu yake baba alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Ujiji, lakini karani fulani wa zamani alipotakiwa kuandika kabila aliandika Mhutu, na neno hilo likashuka hadi kwenye kitambulisho changu. Kitambulisho cha mama kilisema Mtutsi. Vita vilikuwa na miaka miwili kule kaskazini, na tangu vilipoanza tulikuwa tumejifunza kusikiliza sana kabla ya kujibu.

Shamba lile la bondeni mama alililima tangu sijazaliwa. Hakuwa na karatasi yoyote, kwa sababu ardhi ya kinamasi ni ya serikali na wakulima wake wamevumiliwa tu. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilifunga kazi, tukashuka pamoja kupitia Kimisagara.

Tulimkuta mpimaji ardhi amesimama kwenye matope, buti za mpira hadi magotini, koti la suti juu yake. Alikuwa mwembamba, wa makamo, jicho lake liko kwenye darubini iliyosimama juu ya miguu mitatu. Mzee mmoja alikuwa mbali amemshikia fimbo yenye mistari. Mpimaji alipotuona alitoa salamu kwa Kinyarwanda, kisha aliponisikia nasema na mama kwa Kiswahili akahamia Kiswahili, cha Bukavu, alikokulia.

"Mama, shamba hili iko lako?"

Mama hakujibu swali hilo. "Unapima nini?"

"Njia. Njia ya watu kutembea. Itaanza pale darajani, ifuate mto mpaka unapoingia Nyabarongo. Tutapanda miti, tutaweka viti vya kukalia."

"Watu watembee waende wapi?"

"Hawaendi mahali, mama. Kutembea tu. Kupumzika, kuangalia maji."

Mama aliyatazama maji. Mto ulikuwa mwembamba, rangi ya matofali, umebeba magugu na kandambili moja. Kisha akamtazama mpimaji, na nilijua anavyomtazama, kwa sababu nami nilikuwa namtazama vivyo hivyo. Mwaka ule hakuna aliyetembea bure. Ukikutana na kizuizi barabarani unaulizwa unatoka wapi na unakwenda wapi, na huwezi kujibu kwamba huendi mahali.

Alitufunulia mchoro. Ulikuwa mzuri kweli. Mto ulichorwa kwa bluu, na kando yake watu wadogo waliovaa vizuri: bibi mwenye mwavuli, mtoto na mpira, bwana mmoja amekunja gazeti kwapani. Mama aliinamisha kichwa akautafuta mtaro wake, matuta yake, kibanda alichowekea jembe. Hakuviona. Mahali pake palikuwa na nyasi za kijani.

"Na sisi?" aliuliza.

"Mtapewa pengine," alisema mpimaji, akakunja karatasi haraka.

Wa kwanza kutoa maelezo ya jambo hili alikuwa fundi wa matofali, jirani wa mama huko bondeni. Tanuri lake lilikuwa hatua chache kutoka kwenye mtaro wetu. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyevaa kofia ya chama chake kila siku, na kwa miaka mingi alimpa mama majivu ya tanuri kwa ajili ya shamba, naye mama akampa viazi. Siku ile alituita akatukalisha juu ya matofali mabichi.

"Hii njia iko ya wanajeshi," alisema. "Wanataka kupita na magari chini huku bila kuonekana."

Wiki iliyofuata alikuwa na maelezo mengine. Alimwambia mama, akimtazama pembeni, kwamba vigingi vinapita kwenye mashamba ya watu fulani tu. Hakusema watu gani. Mama alirudi nyumbani akaniambia maneno hayo akiwa amesimama, kapu bado kichwani.

Sikupata usingizi kwa maneno hayo. Jumapili nilichukua utepe wangu wa kupimia nguo, kalamu na kipande cha karatasi ya mitindo, nikashuka mchana kweupe nikaufuata mstari wote kigingi kwa kigingi. Nilitaka kuona kwa macho yangu unapita kwa nani na unamruka nani. Palipokuwa na mafunjo nilivua viatu. Niliandika namba ya kila kigingi na jina la mwenye shamba nilipomjua. Ilinichukua saa nne. Naamini hadi leo kwamba mimi ndiye mtu pekee aliyeitembea njia ile yote kutoka mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mpimaji mwenyewe na mzee wake wa fimbo.

Na nilichokiona ni kwamba vigingi vilifuata mto, basi. Vilipita kwa Mhutu, kwa Mtutsi, kwa padri aliyekuwa na bustani ya kabichi. Kimoja kilisimama mbele kabisa ya tanuri la fundi wa matofali, naye alikuwa amekifunika kwa gunia.

Nilikuwa narudi nimefurahi nusu, vijana wanne wenye kofia za chama kama ya fundi yule waliponisimamisha darajani. Walitaka karatasi. Niliwapa kitambulisho, wakakisoma, wakakirudisha, wakataka karatasi ile nyingine. Jioni hiyo hiyo nilikuwa mbele ya nyumbakumi wetu, kiongozi wa mtaa, bwana mpole aliyekuwa akishona kanzu zake kwangu. Karatasi yangu ilikuwa mezani kwake.

"Dada, unahesabu nini?"

"Vigingi, mzee."

"Vigingi. Na majina haya?"

"Ni ya wenye mashamba."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nilitaka kujua njia inapita wapi."

Aliichana karatasi vipande vinne, akaniambia niende zangu, na kwamba mwenye cherehani ashone. Nadhani aliniokoa. Lakini habari ilikwisha kusambaa. Kwa wiki kadhaa wateja walipungua, na mwanamke mmoja niliyesoma naye madrasa aliniuliza, huku akicheka, kama ni kweli mimi ni wa ibyitso. Neno hilo wakati ule lilimaanisha washirika wa adui, na halikuwa neno la kuchekea. Upande wa pili, wakulima wa bondeni walisema nafanya kazi na mpimaji, nawaandikisha wapate kufukuzwa. Nilikuwa nimekwenda kutafuta wa kumshuku, nikarudi nikiwa mshukiwa wa pande zote.

Katika hali hiyo mpimaji mwenyewe akaja barazani kwangu.

Alileta lile koti la suti, bitana yake imechanika kwapani. Alikaa kwenye benchi ya wateja, akafungua daftari lenye jalada gumu la kijani. Alisema anaandika kaya zote zenye mashamba kwenye mstari: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, mazao. Alitaka kujua jina kamili la mama.

Nililiona daftari kutoka upande wangu. Safu tatu zilichapwa tangu dukani. Ya nne ilikuwa imechorwa kwa kalamu na rula, mpya, haina kichwa.

"Hiyo safu ya nne ni ya nini?" nilimuuliza.

"Nimeambiwa niongeze."

"Na nani?"

"Ofisini kuna watu," alisema. "Si wapimaji."

Hakuhitaji kuendelea. Nilimtajia jina la marehemu baba. Nilisema shamba ni lake, aliliacha, na mimi binti yake ndiye ninayelilima. Mpimaji alinitazama. Alikuwa amemwona mama shambani si mara moja, amezungumza naye, amemwona akishika jembe. Kisha akainamisha kichwa akaandika jina la baba, herufi moja moja, na idadi ya watu akaandika mmoja.

Alipoondoka nilikaa na koti lake mapajani nikijaribu kuelewa. Labda amenisaidia. Labda ameandika uongo wangu ili siku moja autumie. Nilichunguza mifuko yote ya koti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mteja mwingine. Humo mlikuwa na penseli, tiketi ya basi la Gikondo alikoishi, na ganda la karanga. Hata lile ganda nililigeuzageuza.

Mwaka wa 1993, baada ya mkataba wa amani kutiwa saini Arusha, kazi ilianza kweli. Jumamosi za umuganda, ile kazi ya pamoja ya wananchi, watu wa mitaa ya karibu walipelekwa darajani kufyeka mafunjo na kumwaga changarawe. Hatua kama mia mbili zikakamilika. Benchi moja ya saruji ikawekwa. Niliona mwenyewe na bado sikuamini. Nilijiambia kwamba hata mtego lazima ufanane na kitu.

Siku moja nikiwa bondeni na mama, mpimaji alitukuta tunapumzika. Alivua kofia.

"Mama, njoo uijaribu. Hata kidogo."

Mama alisema ana miguu michafu. Mpimaji akasema njia ni ya miguu ya aina zote. Akakataa tena, kisha, sijui kwa nini, akanipa jembe akaenda. Alitembea peke yake juu ya changarawe. Mwanzoni alikwenda haraka, kama mtu anayekwenda sokoni, halafu akagundua hakuna soko mbele, akapunguza mwendo. Hakujua afanye nini na mikono yake. Aliiweka mgongoni, akaishusha, akaishika pamoja mbele. Alipofika kwenye benchi aliigusa kwa kiganja, hakukaa, akageuka akarudi. Kwenye tanuri, fundi wa matofali alikuwa ameacha kazi anatutazama, mikono kiunoni.

"Inaumiza nyayo," mama aliniambia. Lakini alikuwa anatabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu bondeni tangu siku ya kigingi.

Kabla mwaka haujaisha kazi ikasimama. Changarawe ikachukuliwa ndoo kwa ndoo. Mpimaji hakuonekana tena na mimi nikaanza kumsahau, au nilidhani namsahau, mpaka mwezi wa pili wa 1994 alipotokea barazani asubuhi, kifurushi cha gazeti kwapani. Alikuwa amekonda zaidi. Hakukaa.

"Pokea hii," alisema. "Ni daftari. Wamekuja kwangu mara mbili kuliuliza. Nimewaambia limeanguka mtoni."

"Kwa nini unaniletea mimi?"

"Nyumba yangu wataipekua. Na pale nilipopanga, hata moto siwezi kuwasha bila jirani kuuliza ninachoma nini. Wewe uko na moto kila siku, hakuna anayekuuliza."

Nilimtazama mtu yule na kila nilichokuwa nimekifikiria juu yake kilirudi. Kama wangeingia vijana dakika ile na kunikuta na orodha ya kaya mkononi, baada ya ile hadithi ya vigingi, ningesema nini? Mtu anayetaka kunimaliza angefanya hivi hivi. Nilitazama nyuma yake barabarani. Muuza maziwa alipita na baiskeli. Mwanamke alikuwa anamwaga maji mbele ya mlango wake. Mpimaji aliona ninavyotazama.

"Niko peke yangu," alisema. "Ukitaka nirudi nalo, nitarudi nalo."

Nikalipokea. Hakusema asante, wala mimi sikumuaga.

Nilifunga mlango nusu nikalifungua. Safu ya nne ilikuwa tupu ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye mstari wetu jina la baba lilikuwepo na mbele yake hakuna kitu. Lakini nilipogeuza hadi mwanzo niliona kwamba kaya kumi na mbili za kwanza, zile za karibu na daraja, zilikuwa zimejazwa. Herufi moja ya kabila kwa kila kaya, kwa mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa ameanza. Alianza, akafika kumi na mbili, akaacha. Sijui kilichomfanya aache, na wala sijui kama kabla ya kuacha alimpa mtu nakala.

Nilikuwa na pasi ya mkaa, ile nzito yenye jogoo kwenye kifuniko. Niliikoleza, nikachana ukurasa mmoja, nikaukunja, nikautia ndani, nikapiga pasi suruali. Kisha mwingine. Majivu mepesi yalitoka kwenye matundu ya pembeni nikayapuliza yasiguse nguo. Wateja waliingia, walichukua vitu vyao, walilipa, walitoka. Mmoja alisema mkaa wangu wa leo una moshi. Nikamwambia ni mbichi. Hadi adhuhuri lilikuwa limebaki jalada, nalo nililikata kwa mkasi.

Mama sikumwambia. Nilikuwa nimefika mahali pa kumficha hata mama, nikijiambia ni kwa ajili yake.

Kilichokuja mwezi wa nne kinajulikana, na mimi nitaeleza kilichotupata sisi tu. Jirani yetu mwenye duka la vitambaa, mzee wa msikitini, alimweka mama kwenye ghala lake nyuma ya marobota ya vitenge, akarundika mengine mbele yake. Alikaa humo hadi mwezi wa saba. Mimi nilibaki barazani nikishona, kwa sababu mzee yule alisema mlango uliofungwa ndio unaogongwa.

Fundi wa matofali alikuja siku ya nne au ya tano ya mauaji. Alikuwa na wenzake watatu, aliwaacha barabarani, akaingia peke yake. Alinisalimia vizuri.

"Mama iko wapi?"

"Amesafiri."

"Lini?"

"Kabla ya haya. Alikwenda Butare, dada yake alifiwa."

Aliangalia chumba, akafungua pazia, akaangalia ndani. Alikaa kwenye benchi ya wateja akapangusa jasho. "Unajua tulikuwa majirani wazuri," alisema. "Akirudi, mwambie aje kwangu. Kwangu iko salama."

Nilimwambia nitamwambia. Hatua thelathini nyuma yake, mama alikuwa anasikia sauti zetu. Aliniambia baadaye kwamba kwa dakika moja aliyaamini maneno yale, akataka kutoka.

Nilikuja kujua kwamba hakuna Mtutsi hata mmoja aliyepona katika zile kaya kumi na mbili. Lakini wa kaya ya kumi na nane hawakupona pia, wala wa ishirini na tano. Fundi wa matofali na vijana wake hawakuhitaji daftari la mtu. Walijua kila kibanda cha bondeni kwa jina na kwa mtoto. Nilipolielewa hilo nilitarajia litanituliza. Halikunituliza. Nimeendelea kuiona ile herufi moja mbele ya kila jina. Kuhusu mpimaji nilisikia kwamba alionekana Bukavu, kisha nikasikia kwamba aliuawa Gikondo siku ya tatu. Walioniambia wote wawili walikuwa na uhakika.

Mwezi wa kumi, mvua zilipoanza, mama alitaka kushuka bondeni. Nilimsihi tusiende, kwa sababu ya yale ambayo mto ule na Nyabarongo ilikuwa imeyabeba. Akasema mbegu hazingoji. Tulikuta mtu kwenye shamba lake. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, amekuja na watoto wawili kutoka ukimbizini Uganda baada ya vita, alikuwa ameshapanda maharage hadi katikati. Benchi ya saruji haikuwepo, ilibaki shimo.

Mama alimwambia kwa upole kwamba shamba ni lake. Yule mwanamke alisimama, jembe mkononi.

"Una karatasi?"

"Sina."

"Waliniambia wote wa hapa wamekwisha," alisema. Alitutazama, mama kwanza, kisha mimi kwa muda mrefu zaidi. "Nyinyi mlipona vipi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa na watoto, alikuwa na ardhi isiyo yake, na mbele yake wamesimama watu wawili wazima waliotoka mahali ambapo watu hawakutoka. Mimi nami nilikuwa najiuliza ni nani aliyemwonyesha shamba hili kati ya mashamba yote, na kwa nini. Mama ndiye aliyejibu. Alieleza ghala, marobota, mzee wa vitambaa, yote, akiwa amechuchumaa anapapasa udongo kati ya maharage kuona kina cha mbegu.

"Umepanda karibu mno," alimwambia alipomaliza. "Huku maji hupanda. Acha nafasi."

Waligawana. Yule mwanamke alibaki na upande wa barabara, mama akachukua upande wa mto, na kwa msimu ule wote walilima wakipeana migongo. Mimi niliwapelekea chai saa nne kila nilipoweza. Nilimmiminia yule mwanamke kwanza, kisha mama kutoka birika lile lile, na kila mara alisubiri hadi mama anywe ndipo naye akainua kikombe.